Mizunguko ya waya tumeifikisha 800, sumaku haikuzidi ile ya 400. Kwa nini?

MwalimuChaki

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi, huku Singida vijijini. Wanafunzi wamenibana na swali na sitaki kuwajibu kwa kubahatisha.

Tuna klabu ya sayansi baada ya vipindi. Safari hii tulitengeneza sumaku-umeme: msumari wa inchi tano, waya wa kopa wenye vanishi niliopewa na fundi wa kusuka mota pale mjini, na betri moja ya tochi, zile nene za volti moja na nusu. Nikagawa makundi matano. La kwanza lizungushe waya mara 50, la pili 100, la tatu 200, la nne 400. La tano lina watoto wabishi kuliko wote, likaomba lenyewe 800. Mashindano yalikuwa nani ataokota pini nyingi kutoka kwenye sahani.

Kutoka 50 hadi 100 pini ziliongezeka sana, zaidi ya mara mbili. Kutoka 100 hadi 200 zikaongezeka tena vizuri. Kutoka 200 hadi 400 tofauti ikawa ndogo, ipo lakini si ya kushangilia. Halafu wale wa 800, waliotumia mchana mzima wakihesabu na kugombana nani amekosea hesabu, wakaokota sawasawa na wale wa 400. Mmoja wao anaapa kwamba waliokota pungufu.

Kitabu cha mwanafunzi kinasema wazi: ukiongeza mizunguko, nguvu ya sumaku inaongezeka. Hakisemi inafika mahali inagoma. Sasa watoto wananiuliza, kitabu ni cha uongo au wao ndio wamekosea?

Jambo jingine ambalo huenda linahusika: betri ya kundi la 50 ilipata joto hadi mtoto akaitupa mezani. Ya kundi la 800 haikupata joto kabisa.

Kijana_wa_Kariakoo

Mwalimu, betri ya hao wa 800 imekwisha hiyo. Weka mpya, mada ifungwe.

MwalimuChaki

Tulibadilishana betri kati ya kundi la 50 na la 800. Matokeo yalibaki vilevile.

Mwl_Fizikia_Kilifi

Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka pwani ya Kenya. Nafundisha fizikia sekondari. Wazo langu la kwanza ni kwamba chuma kimeshiba. Ndani ya chuma kuna vijieneo vidogo, kila kimoja kikiwa na mwelekeo wake wa sumaku. Umeme unavigeuza vielekee upande mmoja. Vikishaelekea vyote, hata uongeze nini hakuna kilichobaki cha kugeuza. Chuma cha kawaida hufika ukomo huo karibu na tesla 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku). Msumari ni mwembamba, huenda umefika.

FundiRaundi

Mwalimu Chaki, kabla sijasema lolote nipe vitu viwili. Waya una unene gani? Na tabaka moja kwenye msumari lilibeba raundi ngapi?

MwalimuChaki

Fundi aliandika 26 kwenye karatasi. Tabaka moja lilichukua kama raundi 100, kwenye urefu wa sentimita tano hivi za msumari. Kwa hiyo kundi la 800 lina matabaka manane, limevimba kama kifundo cha mguu.

FundiRaundi

Sawa, sasa nimepata pa kusimama.

Mimi niko Mwanza, nasuka mota. Za pampu, za mashine za kusaga, na nikipata muda nasuka koili za kontakta (swichi kubwa inayofungwa na sumaku-umeme) na solenoidi (koili inayovuta kipande cha chuma). Kila wiki kuna mteja anayeingia na maneno yaleyale ya kitabu chako: fundi, ongeza raundi ipate nguvu. Namjibu kwamba sumaku haihesabu raundi peke yake. Inahesabu raundi mara ampea, yaani mara kiasi cha mkondo wa umeme unaopita. Raundi 100 zenye ampea 2 ni ampea-raundi 200. Raundi 200 zenye ampea 1 ni 200 vilevile, na msumari hauwezi kuzitofautisha.

Kitabu hakijadanganya, kimekata sentensi katikati. Sentensi nzima ni hii: ukiongeza mizunguko *bila kupunguza mkondo*, nguvu inaongezeka. Na watoto wako walipoongeza waya, walipunguza mkondo. Waya ni ukinzani, yaani unazuia umeme kupita. Waya mrefu, ukinzani mkubwa, ampea chache. Ni kuongeza watu wa kusukuma gari huku sufuria ya ugali ikibaki ileile.

Tufanye hesabu, watoto wa darasa la sita wanaiweza. Waya wa geji 26, ile namba ya unene aliyokuandikia fundi, una kipenyo cha milimita 0.46 hivi, na kila mita yake ina ukinzani wa takriban ohm 0.105. Msumari wa inchi tano una unene wa kama milimita 5. Raundi moja ya tabaka la kwanza inakula waya wa milimita 17. Lakini angalia hapa: tabaka la pili linapita juu ya la kwanza, kwa hiyo duara lake ni kubwa zaidi, na la nane ni kubwa zaidi ya mara mbili ya la kwanza. Raundi za nje ni ghali, zinakula waya mwingi kwa kazi ileile.

Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani. Betri za zinki na kaboni hutofautiana, mpya na kuukuu si sawa, mimi nachukua nusu ohm ili tupate pa kuanzia. Haya ndiyo yanayotoka:

Raundi 50: waya ohm 0.09, ampea 2.5, ampea-raundi 127
Raundi 100: waya ohm 0.18, ampea 2.2, ampea-raundi 220
Raundi 200: waya ohm 0.40, ampea 1.7, ampea-raundi 335
Raundi 400: waya ohm 0.92, ampea 1.05, ampea-raundi 421
Raundi 800: waya ohm 2.4, ampea 0.52, ampea-raundi 417

Soma mistari miwili ya mwisho. Yule mtoto aliyeapa kwamba waliokota pungufu mpe zawadi.

Sasa tazama ni nani anayeongoza ampea. Kwenye raundi 50 waya wenyewe hauna hata ohm 0.1. Anayezuia umeme pale ni betri, na ndiyo maana inapata joto: nishati inaishia tumboni mwake. Ukiongeza raundi kutoka 50 hadi 100, ukinzani wa jumla unatoka 0.59 hadi 0.68 tu, ampea karibu hazijatikisika, na raundi zimekuwa maradufu. Hapo kitabu kinasema kweli. Lakini ukishapita mahali ambapo ukinzani wa waya unaanza kuzidi ule wa betri, waya ndio unakuwa bwana, na kila raundi unayoongeza inajilipia yenyewe kwa ampea.

Kama betri isingekuwa na ukinzani wowote ndani, mambo yangekuwa ya ajabu zaidi. Raundi mara mbili, waya mara mbili, ukinzani mara mbili, ampea nusu. Mara mbili ya nusu ni moja. Kwa volti zilezile na waya uleule, raundi 100 na raundi 1000 zingetoa sumaku ileile, tena ile ya 1000 ingekuwa dhaifu zaidi kwa sababu ya yale matabaka ya nje. Mafundi wengi wanabisha nikiwaambia hivi hadi niwachukulie mita tupime pamoja.

Kwa hiyo raundi nyingi faida yake ni nini? Ni kuokoa umeme na kuzuia joto. Kundi la 800 linatumia ampea nusu tu, kundi la 50 linatumia mbili na nusu. Wale wa 800 wana sumaku yenye ampea-raundi zaidi ya mara tatu, na betri yao inanyonywa kwa kasi ya moja ya tano. Usiwaache watoto waondoke wakidhani walipoteza mchana wao.

Ukitaka nguvu zaidi kwa betri hiyohiyo, ongeza *unene* wa waya. Waya mnene una ukinzani mdogo, na raundi zilezile zinapitisha ampea nyingi. Bila shaka betri ya tochi itakukatalia mapema, lakini kwa betri ya gari ndivyo tunavyofanya.

Mwl_Fizikia_Kilifi

Fundi, hesabu yako naikubali, na nimeirudia kwa kikokotoo changu. Kwa hiyo kushiba umekutupa kabisa?

FundiRaundi

Sijakutupa, mwalimu wangu. Nimekuweka foleni. Katikati ya msumari panaweza kuwa pameanza kushiba kwenye hizo ampea-raundi mia nne, maana ni chuma chembamba na koili imebanana mahali pamoja. Lakini kushiba hakuwezi kueleza kwa nini betri ya kundi moja ni ya moto na ya jingine ni baridi. Ampea zinaeleza yote mawili. Ndiyo maana nimeanza na ampea.

Mwl_Fizikia_Kilifi

Hapo umenishika. Basi niongeze mawili.

La kwanza ni kuhusu pini. Mwalimu Chaki amesema kutoka 50 hadi 100 pini ziliongezeka *zaidi* ya mara mbili, na kwenye orodha ya fundi ampea-raundi hazikufika hata mara mbili, zimetoka 127 hadi 220. Hilo halipingani. Nguvu ya kuvuta haifuati uga wa sumaku moja kwa moja, inafuata mraba wake. Ukizidisha uga mara mbili, mvuto unakuwa mara nne, ilimradi chuma hakijashiba. 220 gawa kwa 127 ni kama 1.7, na mraba wake ni 3. Kwa hiyo pini kuongezeka zaidi ya mara mbili ni jambo la kutarajiwa. Kwa kipimo: uso wa chuma wenye uga wa tesla 1 unavuta chuma kilichogusana nao vizuri kwa nguvu ya karibu kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba. Ncha ya msumari wa milimita 5 haifiki hata robo ya sentimita ya mraba, kwa hiyo usitarajie kunyanyua jembe.

La pili, watoto wafurahi kujua kwamba swali lao lina karibu miaka mia mbili. William Sturgeon, Mwingereza, alionyesha sumaku-umeme yake mwaka 1825. Ilikuwa chuma kilichopindwa kama kwato ya farasi, kikapakwa vanishi, kikazungushiwa waya wa kopa usio na kifuniko chochote, mara 18 tu. Chuma chenyewe kilikuwa na uzito wa gramu 200 hivi na kikanyanyua kilo 4. Hakuweza kuongeza mizunguko mingi kwa sababu waya mtupu ukigusana umeme unakata njia ya mkato. Baadaye kidogo Joseph Henry, mwalimu kule Albany, New York, akafunga waya wenyewe kwa hariri badala ya kupaka chuma. Sasa angeweza kuzungusha tabaka juu ya tabaka. Na alipofanya hivyo akakutana na kile kilichowakuta watoto wa Singida: kwa betri ya seli moja, waya mmoja mrefu haukumpa faida.

Dawa yake ilikuwa hii. Aligawa waya katika koili nyingi fupi juu ya chuma kimoja, na kila koili akaiunganisha na betri kivyake, yaani sambamba. Mizunguko ikawa mingi na ampea hazikuanguka. Mwaka 1831 sumaku aliyoitengenezea chuo cha Yale ilinyanyua zaidi ya kilo 900. Alijua pia upande wa pili: ukiwa na seli nyingi zilizounganishwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine, koili moja ndefu ndiyo inayofaa. Yaani hakuna koili bora peke yake, kuna koili inayolingana na betri yake.

MwalimuChaki

Nimekaa hapa na daftari, asanteni sana. Fundi, sasa nitawaonyeshaje watoto kwamba kitabu hakikudanganya? Nataka jaribio ambalo mizunguko inaongezeka na ampea zinabaki palepale.

FundiRaundi

Ziko njia mbili.

Ya bure: usikate waya. Chukua waya wa raundi 400 wote, uunganishe wote kwenye betri, lakini zungusha raundi 50 tu kwenye msumari. Waya uliobaki ulaze mezani, usiuviringe mahali pamoja. Okota pini. Kisha zungusha 100, waya uliobaki bado uko kwenye saketi. Kisha 200. Ukinzani haubadiliki, ampea hazibadiliki, kinachobadilika ni raundi tu. Hapo utaona kitabu kikisema kweli mbele ya macho yao.

Ya pili naipenda zaidi lakini inataka betri ya pikipiki ya volti 12. Weka taa ya indiketa ya gari mfululizo na koili, ile ya wati 21. Wati 21 gawa kwa volti 12 ni ampea 1.75. Taa ikiwaka ina ukinzani wa karibu ohm 7, kwa hiyo koili yenye ohm 0.1 au 0.4 haiwezi kumsumbua, ampea zinabaki palepale kwa makundi manne ya kwanza, tofauti ni ndogo. Taa pia ni mlinzi. Betri ya pikipiki ukiifunga moja kwa moja kwenye raundi 50, vanishi inafuka moshi na mtoto anaungua vidole. Usifanye hivyo hata kwa sekunde.

Na mwambie kila mtoto asugue ncha za waya kwa msasa hadi kopa ing'ae. Vanishi ile haionekani, na nusu ya sumaku zinazoletwa kwangu "hazifanyi kazi" zina vanishi kwenye ncha.

Bwana_Mashine

Wakuu samahani naingilia mada, lakini imenigusa. Nina mashine ya kusaga nje kidogo ya Dodoma. Kontakta yake ya volti 220 inalia vuuu mfululizo na wakati mwingine inaachia. Fundi mmoja hapa kaniambia koili imechoka, aisuke upya na kuongeza raundi ili ipate nguvu. Kwa maelezo ya hapa naona ni kweli au si kweli?

FundiRaundi

Mkuu, mwambie asiguse koili kwanza.

Yote niliyoandika juu ni umeme wa betri. Kwenye umeme wa tanesko, yaani unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, mambo yanageuka kichwa chini. Kule koili haizuiwi sana na ukinzani wa waya. Inazuiwa na sumaku yake yenyewe, ambayo kila inapobadilika inasukuma umeme urudi. Koili inalazimika kutengeneza sumaku ya kutosha kujibu volti inazopewa, si zaidi. Raundi zikiwa nyingi, kila raundi inabeba volti chache, na sumaku inayohitajika inakuwa *ndogo*. Kwa hiyo ukiongeza raundi kwenye kontakta ya 220, unaidhoofisha. Ukipunguza raundi, sumaku inakua, ampea zinapaa, chuma kinashiba, na koili inaungua. Anayesuka mota anajua hili mikononi hata kama hajalisoma: ukipunguza raundi kwenye mota ya tanesko, inachemka.

Kelele yako ina wahusika watatu. Anza na volti. Pima kwenye koili wakati mashine inasaga mahindi, si asubuhi ikiwa imelala. Mvuto unafuata mraba wa volti: zikishuka kutoka 230 hadi 180, umebaki na asilimia 61 ya mvuto. Kontakta nyingi zimetengenezwa zishike kuanzia asilimia 85 ya volti zilizoandikwa. Kama laini yako ni ndefu na waya ni mwembamba, tatizo liko pale, wala si kwenye kontakta.

Wa pili ni uchafu. Zima kabisa, fungua, tazama nyuso mbili za chuma zinapokutana. Unga wa mahindi, kutu, mafuta yaliyoganda. Uwazi mdogo sana ni adui mkubwa. Kupitisha uga wa tesla 1 kwenye milimita moja ya hewa kunataka ampea-raundi karibu 800, na chuma kizima kinahitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Safisha kwa kitambaa, usipige tupa, ukikwangua nyuso zile umeziharibu.

Wa tatu ni ile pete ya kopa iliyopachikwa kwenye uso wa chuma. Umeme wa tanesko unafika sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila ukifika sifuri chuma kinataka kuachia. Pete ile inachelewesha sehemu ya sumaku ili mvuto usife wote kwa wakati mmoja. Ikipasuka, kontakta inalia hivyohivyo unavyosema, na raundi elfu haziwezi kuinyamazisha.

Bwana_Mashine

Nimepima. Koili inapata volti 186 mashine ikisaga. Na jirani kafunga mashine yake ya kukoboa kwenye laini hiyohiyo mwezi uliopita. Naona nimepata jibu.

FundiRaundi

Umepata. Kontakta yako ni ya 220, asilimia 85 yake ni 187, wewe uko chini ya hapo. Zungumza na watu wa umeme kuhusu laini, na hela ya kusuka koili weka mfukoni.

Kijana_wa_Kariakoo

Mimi niliyesema betri imekwisha naomba kuuliza kwa heshima. Nauza spea za magari. Solenoidi ya stata, ile mota ya kuwashia gari, ina koili mbili ndani, moja waya mnene na moja waya mwembamba. Mbona wasiweke moja tu yenye raundi nyingi?

FundiRaundi

Swali zuri, na sasa umekuwa mwanafunzi, karibu. Solenoidi ina kazi mbili zisizofanana. Kwanza inavuta chuma kilicho mbali, kuna uwazi wa hewa kati yake na chuma, na uwazi unataka ampea-raundi nyingi sana kama nilivyomweleza Bwana Mashine. Kwa hiyo kuna koili ya waya mnene, inakunywa ampea nyingi kwa muda mfupi. Chuma kikishafika na kugusa, uwazi umekwisha, na kukishikilia pale ni kazi nyepesi. Viunganishi vikifunga, koili nene inapata umeme uleule pande zote mbili, kwa hiyo inazimika yenyewe, na ile nyembamba inabaki peke yake kushikilia. Ingekuwa koili nene pekee, ingechemka na kumaliza betri. Ingekuwa nyembamba pekee, isingevuta.

Ukirudi kwenye kaunta yako, chukua rilei (swichi ndogo za sumaku-umeme) mbili za umbo moja, ya volti 12 na ya volti 24, upime ohm za koili. Ya 24 itasoma karibu mara nne ya mwenzake. Waya wake ni mwembamba na raundi ni karibu mara mbili, ampea zake nusu. Ampea-raundi zilezile. Mtengenezaji hakuchagua raundi ili apate nguvu, alizichagua ili zilingane na volti.

MwalimuChaki

Ninayo mawili ya mwisho kisha niwaache mpumzike. Msumari ukitolewa kwenye umeme unabaki na pini mbili tatu zimening'inia. Watoto wanaona ni uchawi. Na wale wa 800 wameniuliza: wakiongezewa betri ya pili, waiweke mfululizo au sambamba? Wanataka kurudiana na kundi la 400.

Mwl_Fizikia_Kilifi

La pini nalijibu mimi. Msumari unapotengenezwa huvutwa na kupigwa baridi, chuma kinakuwa kigumu, na vile vijieneo nilivyosema vikishageuzwa vingine havirudi vyote. Uchome kwenye jiko la mkaa hadi uwe mwekundu, kisha uufukie kwenye majivu upoe polepole hadi kesho yake. Utakuwa laini na utaachia pini karibu zote. Fanya hivyo kabla ya kuzungusha waya, la sivyo vanishi yote inakwenda na moto.

FundiRaundi

La betri ni langu, na hapo ndipo watoto wa 800 wanapata haki yao.

Kwa koili yao ya ohm 2.4, mfululizo: volti 3, ukinzani wa betri mbili ohm 1, jumla karibu 3.4, ampea 0.89, ampea-raundi karibu 710. Sambamba wangepata 457 tu. Kwa kundi la 50 ni kinyume: mfululizo 138, sambamba 220. Mpaka wa kugeuka uko pale ambapo ukinzani wa waya unalingana na wa betri moja, kwa hesabu zetu nusu ohm, yaani mahali fulani juu kidogo ya raundi 200.

Lakini mwamuzi awe mwangalifu: wale wa 400 nao wakipewa betri ya pili mfululizo watafika kama 620. Kwa hiyo 800 watashinda, si kwa mbali, na hapo katikati ya msumari mwalimu wa Kilifi ataanza kudai deni lake la kushiba. Wakitaka ushindi wa wazi, wapeni makundi yote betri tatu mfululizo na msumari mnene zaidi, au bolti ya milimita 10. Ila bolti ikiwa nene, kila raundi inakula waya zaidi, kwa hiyo mwache kila mtoto apige hesabu yake upya kabla ya kuanza kuzungusha.

MwalimuChaki

Bolti ninayo, ya trela ya trekta. Nitawaambia wapige hesabu kwanza, kisha niwaletee namba hapa.